Umeandika kwa hasira, patroni amepokea

Tumchukue mfanyakazi wa kubuni, maana wa kweli hawapendi kutajwa gazetini. Anakaa Masako, kilomita 14 hivi kutoka Kisangani mjini kwa barabara ya zamani ya Buta, naye ni mlinzi wa bohari. Ana miaka sita kazini. Jumatatu asubuhi anazozana na msimamizi wake juu ya siku mbili ambazo hazikuandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Anachana karatasi katika daftari la shule la mtoto wake, anaandika mistari minne, anatia sahihi, anapanda toleka mpaka ofisini na kumkabidhi sekretari. Sekretari anagonga muhuri kwenye nakala na kumrudishia. Jumatano hasira imekwisha, na nyumbani wamekwisha kumhesabia karo, dawa na kodi ya nyumba. Anarudi ofisini kwa patroni.

"Papa, ile barua yangu naomba munirudishie. Nilikuwa na hasira."

Papa anamjibu kwa upole kabisa kwamba barua imeshaingia katika dosie, na kuna kijana ameshaitwa aje kuanza kazi.

Je, patroni analazimika kumpokea tena? Jibu fupi la sheria ya Kongo ni hapana. Jibu refu lina mengi ya kumfaa mlinzi wetu, na ndilo linalostahili nafasi ya gazeti.

Sheria ya Kazi inayotumika nchini ni ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016. Ibara yake ya 61 inasema mkataba wa kazi unaweza kuvunjwa na upande wowote, mwajiri au mfanyakazi. Ibara ya 76 inadai uvunjaji huo utolewe kwa maandishi. Mwajiri akiwa ndiye anayevunja, lazima aandike sababu, lakini mfanyakazi halazimiki. Ukiisoma sheria nzima hutakuta ibara inayosema nini kifanyike mtu akibadili nia. Kwa hiyo wanasheria hurudi kwenye kanuni ya jumla, ambayo Ubelgiji pia inaifuata: kuacha kazi ni tendo la mtu mmoja. Haliombi ruhusa na halingoji kukubaliwa. Barua ikishamfikia mwajiri imeshafanya kazi yake, na aliyeiandika hawezi tena kuitengua peke yake.

Hapa wengi hukosea, wafanyakazi na wakubwa wao vilevile. Utasikia mtu akisema patroni "amekataa" barua yake ya kuacha kazi, kana kwamba alikuwa na uwezo huo. Hana. Kama vile mfanyakazi hawezi kumlazimisha patroni kuirudisha barua, patroni naye hawezi kumzuia anayetaka kuondoka. Ni kanuni ileile, ila inauma upande mmoja siku moja na upande wa pili siku nyingine.

Na uhuru huo wa kuondoka haukuja bure. Mji huu ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, amri ya kikoloni ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mikataba ya wafanyakazi Waafrika ilimfanya anayetoroka kazi kuwa mhalifu. Aliyeacha mkataba kabla ya muda wake aliweza kutozwa faini au kufungwa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1955 ndipo Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba namba 104 wa kufuta adhabu za jinai za aina hiyo kwa wafanyakazi wa makoloni. Babu aliyebeba mawe ya reli au kukata michikichi asingeelewa mjukuu wake analalamikia nini. Yeye hakuwa na barua ya kuandika.

Turudi kwa mlinzi. Barua yake haikukata mkataba Jumatatu ileile. Imefungua muda wa preavisi, yaani notisi ya kuondoka, na ibara ya 64 inaonyesha jinsi ya kuuhesabu. Mwajiri anayemwachisha mtu mwenye mkataba usio na kikomo anampa angalau siku 14 za kazi, kisha anaongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mfanyakazi anayeacha mwenyewe anatoa nusu ya hizo. Kwa miaka sita, mwajiri angetoa 14 na 42, jumla siku 56. Mlinzi basi anadaiwa siku 28 za kazi, ambazo ni karibu wiki tano, na hesabu inaanza siku inayofuata ile ya kukabidhi barua.

Wiki tano hizo ni muda wa thamani, na watu wengi huupoteza kwa kutojua. Ndani yake mkataba ungali hai. Mshahara unaendelea, wajibu wa pande zote mbili unaendelea, na mfanyakazi ana haki ya siku moja kila wiki, yenye malipo kamili, ya kutafuta kazi nyingine. Anayekasirika, akaandika, kisha akaketi nyumbani asirudi tena, anajiumiza mara mbili. Kwanza anadaiwa fidia inayolingana na mshahara na marupurupu ya siku za preavisi ambazo hakuzitimiza. Pili anajiondolea nafasi nzuri ya kuomba kurudi akiwa bado yumo kazini, amevaa sare yake, anaonekana kila asubuhi.

Maana pande mbili zikikubaliana, barua inatenguliwa na hakuna wa kuzuia. Makubaliano ndiyo sheria ya waliokubaliana: hilo limo katika ibara ya 33 ya amri ya mwaka 1888 juu ya mikataba, ambayo mpaka leo ni sehemu ya sheria ya kiraia ya Kongo. Patroni akisema ndiyo, na aiandike. Asipoandika, matendo yake yanaweza kusema kwa niaba yake. Siku 28 zikipita, mlinzi akaendelea kupangiwa zamu, akalipwa mwisho wa mwezi, jina lake likabaki katika orodha, ni vigumu kwa patroni kusimama mwezi wa tatu na kutoa ile karatasi ya daftari la shule akidai mtu huyu aliacha kazi zamani. Hakimu atamuuliza alikuwa anamlipa nani.

Lakini kabla ya kuomba barua irudishwe, kuna swali linalotangulia, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: je, ile ilikuwa barua ya kuacha kazi kweli?

Si kila karatasi yenye neno "naacha" ni ya kuacha kazi. Kwanza, maneno matupu hayatoshi. Mtu aliyesema mbele ya wenzake "nimechoka, naenda zangu" hajatimiza ibara ya 76. Patroni anayemfungia geti kesho yake akidai "ulijiachisha mwenyewe" yuko hatarini kuonekana kwamba yeye ndiye aliyemfukuza, tena bila sababu iliyoandikwa. Pili, ridhaa lazima iwe ya kweli. Amri hiyohiyo ya 1888 inasema ridhaa iliyotolewa kwa makosa, kwa vitisho au kwa hila si ridhaa halali. Hapa ndipo linapoingia jambo linalofahamika katika maofisi mengi: mtu anaitwa ndani, anawekewa karatasi iliyokwisha kuchapwa, anaambiwa atie sahihi "kwa heshima yake" la sivyo polisi wataitwa. Hiyo ni kufukuzwa kwa mkono wa anayefukuzwa. Mfanyakazi aliyetia sahihi namna hiyo haombi huruma ya kuirudisha barua, bali anadai kwamba barua haikuwahi kuwepo. Tatizo lake ni ushahidi, na ushahidi huoza haraka. Kila siku anayokaa kimya baada ya kutia sahihi inampa mwajiri hoja kwamba hakulazimishwa.

Tatu, kuna barua inayosema uongo kwa adabu. Mfanyakazi hajalipwa miezi, au ametukanwa na kutishwa na mkubwa wake, lakini anaandika "kwa sababu binafsi", akishukuru kwa miaka yote waliyokuwa pamoja. Tumelelewa hivyo, kuaga kwa maneno mazuri. Mbele ya sheria adabu hiyo ina gharama. Ibara ya 73 inamruhusu mfanyakazi kuvunja mkataba papo hapo, bila preavisi, mwajiri akiwa na kosa kubwa. Anayeitumia anaondoka akiwa mdai. Aliyeandika "sababu binafsi" ameondoka kwa hiari, na akitaka baadaye kusema alisukumwa, barua yake mwenyewe itasomwa mbele yake.

Tanzania imelieleza hilo waziwazi zaidi. Kanuni za mwaka 2007, zilizotolewa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinatambua kuacha kazi kwa kulazimishwa: mwajiri akifanya kazi isivumilike, aliyeacha huhesabiwa ameachishwa. Lakini asichelewe, maana madai ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kenya nako, katika kesi dhidi ya National Bank of Kenya iliyoamuliwa mwaka 2018, mahakama ya kazi ilishikilia kwamba kuacha kazi ni tendo la upande mmoja lisilosubiri kukubaliwa. Afrika Kusini ilishasema vivyo hivyo mwaka 2010 katika kesi dhidi ya shirika la utangazaji, SABC. Mkondo ni mmoja, kuanzia Cape mpaka Kisangani.

India ndiyo iliyokwenda kwingine, tena kwa kesi ya mtu ambaye hukumtarajia. Mei 7, 1977, Jaji Satish Chandra wa Mahakama Kuu ya Allahabad alimwandikia Rais wa India kwamba anajiuzulu kuanzia Agosti 1. Julai 15, wiki mbili na ushei kabla ya siku hiyo, aliandika tena akaitengua barua yake. Wakili mmoja akaenda mahakamani kupinga: jaji amekwisha kuandika, ataendeleaje kuketi? Mahakama ya Allahabad ilikubaliana na wakili. Mahakama ya Juu ya India mwaka 1978 ikasema sivyo. Barua inayotaja siku ya mbele, ilisema, bado haijamtoa mtu katika kiti, na siku hiyo isipofika mwenye barua anaweza kuirudisha. Mwaka 1987 mahakama hiyohiyo ikatumia fikra za namna hiyo kwa mtumishi wa serikali aliyeomba kustaafu mapema kisha akabadili nia kabla ya muda. Kwa hesabu za India, mlinzi wetu wa Masako angekuwa na wiki tano za kubadili mawazo, na Papa asingekuwa na la kusema.

Uingereza haikwenda mbali kiasi hicho. Huko kanuni ya zamani, ya tangu kesi dhidi ya Wizara ya Vita mwaka 1959, ni kwamba notisi ikishatolewa haitenguliwi na mkono mmoja. Ila mwaka 1992 ilisikilizwa kesi ya karakana za Kwik-Fit ambayo naipenda kwa uhalisia wake. Meneja wa karakana alipewa onyo kwa kuingia humo usiku ili kutumia choo. Wakabishana, akatupa funguo juu ya kaunta, akatoka. Majaji wa rufaa walikiri kwamba kwa kawaida mwajiri ana haki ya kuyachukua maneno na matendo kama yalivyo. Lakini yakitoka katika joto la ugomvi, mwajiri mwenye busara hungoja siku moja au mbili aone kama mtu alikusudia kweli. Mwaka 2023, katika kesi ya ofisi ya ushauri wa raia ya Epping Forest, mahakama hiyo ya rufaa ilipanga upya maelezo ya kanuni hiyo: linaloulizwa ni kama msikilizaji mwenye akili timamu, akiwa katika mazingira yale, angeelewa kwamba mtu amekusudia kikweli kuacha kazi. Kama ndiyo, basi imekwisha, hata kama alijuta dakika tano baadaye.

Hukumu hizo hazimfungi hakimu wa Kisangani. Zinamwonyesha tu kwamba kuna njia ya kati, ya kuuliza kwanza kama mtu alikusudia.

Sasa, Masako si mtaa wa viwanda. Wanaolijua jina hilo nje ya Tshopo wengi ni watu wa sayansi. Msitu wake wa hifadhi, hekta 2,105 ndani ya kona ya mto Tshopo, ni uwanja wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani, na humo Profesa Dudu Akaibe alichunguza panya na wanyama wengine wadogo kwa ajili ya tasnifu yake ya mwaka 1991. Utafiti wa namna hiyo unahitaji wenyeji: wa kufyeka njia, wa kukagua mitego alfajiri, wa kuijua miti kwa majina, wa kulinda vifaa. Fedha za miradi huja na kuisha. Kwa hiyo ajira ya sehemu kama hii mara nyingi ni ya mkataba mfupi, au ya siku kwa siku, au ya mdomo tu. Na hapo swali letu linabadilika sura.

Asiye na karatasi asidhani hana mkataba. Ibara ya 44 inasema mkataba usioandikwa huchukuliwa kuwa ni wa muda usio na kikomo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na kibarua aliyekwisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akiitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, ibara ya 40 inamhesabu kuwa wa muda usio na kikomo. Patroni aliyezoea kumwambia mtu "kesho usije" anaweza kujikuta na mfanyakazi kamili. Vilevile kibarua aliyesema "siji tena" na kesho yake akaja, akapewa panga akaenda kufyeka, hakuacha chochote.

Mwenye mkataba wa muda maalumu yuko pagumu zaidi. Mkataba huo hauzidi miaka miwili, unarudiwa mara moja tu kwa kawaida, na anayeuvunja kabla ya tarehe anaweza kudaiwa fidia. Kwake barua ya hasira inaweza kuleta deni kabla hata ya kufikia swali la kurudi. Na wale wenye matrikule ya serikali, maajenti wa kudumu wa idara za dola, hawamo kabisa katika sheria hii. Wana kanuni zao, waulize huko.

Nikiulizwa maoni yangu, sheria ya Kongo ina pengo hapa, na pengo hilo linamwangukia mnyonge. Mwajiri akimfukuza mtu mwenye mkataba usio na kikomo bila sababu halali, ibara ya 63 inasema mtu huyo arudishwe kazini, na ikishindikana alipwe fidia inayoweza kufika mishahara ya miezi 36. Kosa la mwajiri lina njia ya kurekebishwa. Kosa la mfanyakazi, la asubuhi moja, halina. Hata mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi iliuridhia mwaka 1987, unahusu kuachishwa na mwajiri tu. Ingetosha kuongeza sentensi moja: kwamba barua ya kuacha kazi inaweza kutenguliwa kwa maandishi ndani ya siku tatu za kazi. Hakuna kampuni itakayofilisika kwa kungoja siku tatu.

Lakini nisimwonee patroni. Akishamwajiri mtu mwingine kwa nia njema, yule mpya naye ana mkataba, naye analindwa na ibara ya 62 inayokataza kuachishwa bila sababu halali. Hawezi kutolewa ili mwenzake aliyepoa hasira arudi kwenye kiti. Ndiyo sababu sioni haki katika kanuni ya India ikitumika hapa ilivyo, yenye wiki tano au zaidi za kusitasita huku kazi ikingoja. Siku tatu ni haki kwa pande zote.

Mpaka wabunge walifikirie hilo, aliyekwisha kukabidhi barua na kujuta aandike ya pili leo, si wiki ijayo. Ataje tarehe ya ile ya kwanza, aseme anaitengua, aeleze hali aliyoiandikia, aombe jibu la maandishi, na ahakikishe nakala yake imegongwa muhuri. Aendelee kuripoti kazini mpaka siku ya mwisho ya preavisi. Patroni akikubali, makubaliano hayo yaandikwe na yatiwe sahihi na wote wawili. Akikataa, ni haki yake, naye analazimika kutoa cheti cha utumishi ndani ya siku mbili za kazi baada ya mkataba kuisha, kikionyesha aina ya kazi na tarehe, bila neno la kumchafua mtu.

Anayeamini kwamba alilazimishwa kuandika, au kwamba barua yake ilitenguliwa na baadaye ikafufuliwa, aende kwanza kwa mkaguzi wa kazi wa eneo lake. Mkaguzi atawaita wote wawili kusuluhishwa. Wasipopatana, ile hati ya kushindwa kupatana ndiyo itakayomfungulia mahakama, kwa kuwa ibara ya 298 inasema shauri la mtu binafsi lisilopitia kwa mkaguzi halipokelewi. Madai ya mkataba wa kazi hufa baada ya miaka mitatu, na madai ya mshahara hufa baada ya mwaka mmoja tu.